Kidole Gumba cha Sheikh Khalfan

Wanangu, kila tukikutana kwenye harusi huko Hail mnaniuliza siri ya kazi ya kufasiri, na kila nikifungua mdomo kuwajibu simu zenu zinalia. Basi nimeamua kuandika, maana mkinisoma angalau sitaona mnavyoangalia pembeni. Nimefasiri kwa miaka thelathini na ushei katika ofisi ndogo ya Hamriya, hapa Maskati, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mapazia. Nimefasiri vyeti vya ndoa, na vyeti vya talaka za ndoa hizo hizo, mikataba ya nyumba, ripoti za daktari, na barua moja ya mtu aliyemwomba radhi mkwewe kwa lugha tatu kwa sababu hakujua ipi itamlainisha. Msidhani nimestaafu kwa uzee. Nimestaafu kwa sababu siku hizi mteja anakuja na tafsiri aliyoitoa kwenye simu, anataka muhuri tu, na ukimwonyesha kwamba hapa marehemu kaoa tena baada ya kuzikwa, anakununia.

Leo nataka kuwaeleza kosa langu kubwa. Madogo ni mengi na yana watu wake, waulizeni.

Ufasiri sikuusomea. Ujana wangu, Unguja, nilikuwa mmoja wa vijana waliopelekwa Ujerumani ya Mashariki kujifunza mitambo ya kuchapa magazeti. Tulipangishwa kwa bibi mmoja mnene, mkali, asiyemimina supu kwenye sahani ya mtu mpaka mtu huyo aiombe kwa sentensi isiyo na dosari. Nilirudi na Kijerumani safi na suruali zinazonipwaya. Tulipokuja Maskati, mitambo niliyoijua mimi hapakuwa na mtu aliyeihitaji, ila watu wa kusoma na kuandika lugha mbili tatu walitafutwa kama maji. Hapo ndipo aliponichukua Maalim Mundhir, mwenye ofisi, Mungu amrehemu.

Maalim Mundhir alinifundisha kazi yote kwa kanuni moja: tarehe na namba mwisho. Na kanuni hiyo aliitunga kwa ajili yangu. Zama hizo tulikuwa na taipu mbili, ya Kiarabu inayokwenda kutoka kulia na ya Kiingereza inayokwenda kutoka kushoto, na mimi nilikuwa nikiruka kutoka kiti hiki kwenda kile siku nzima. Siku moja nikafasiri cheti cha ndoa cha kijana wa Quriyat huku kichwa kimebaki kwenye taipu nyingine, na tarehe zikabadilishana viti. Kwa mujibu wa cheti changu, bwana harusi alioa miaka ishirini na minne kabla ya kuzaliwa. Akaja ofisini pamoja na mkwewe, na yule mkwe akaisoma karatasi taratibu, akaikunja, akasema, "Nilijua tu kuna kitu."

Tangu siku hiyo maneno yanachapwa kwanza, na pa kila tarehe panaachwa wazi. Unainuka, unakunywa qahwa yako, unakiacha kichwa cha maneno kipumzike. Kisha unakaa na mtu wa pili, mmoja anasoma tarehe kutoka kwenye karatasi ya asili na mwingine anazijaza. Ni kanuni nzuri sana na nawausia nyinyi nyote muifuate. Mimi ilinitia aibu mara moja tu katika maisha yangu, na mara hiyo ndiyo ninayotaka kuwaeleza.

Kanuni ya pili ni ndogo: sahihi ya mtu haifasiriwi. Unaandika neno "sahihi" ndani ya mabano, unaendelea mbele. Muiweke akilini.

Mchapaji wetu alikuwa Bi Zuwena, mtoto wa Unguja kama mimi, vidole vyepesi na moyo mwepesi zaidi. Karatasi za watu alikuwa akizifuata kama tamthilia ya televisheni. Akichapa mkataba wa nyumba atamwambia mteja, "Huyu usimpangishe, sipendi anavyoandika." Mara moja alilia kwa ripoti ya jino. Nilimgombeza mara nyingi kwa tabia hiyo, na sasa najua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akisoma, mimi nilikuwa nafasiri tu.

Basi asubuhi moja akapanda ngazi zetu Sheikh Khalfan, mzee mrefu, mstaarabu, wa familia zilizotoka Tanga. Mkononi kashika bati la biskuti lililofungwa kitambaa cheupe, kalishika vile mtu anavyopokea kitoto kichanga. Akakaa, akaliweka mapajani, wala halikushuka mapajani pale mpaka adhuhuri.

"Hii amana, Maalim Rashid," alisema. "Si mali yangu. Alipewa baba yangu pale Tanga na fundi saa aliyekuwa jirani yetu dukani, Bwana Emili. Myahudi, kakimbia Ujerumani wakati wa yule dikteta wao. Yeye kakimbia, mama yake kabaki. Vita vilipokwisha, jirani mmoja wa yule mama akazituma karatasi hizi kwa posta."

"Karatasi gani?" niliuliza.

"Sijui. Miye nilikuwa mtoto. Najua siku zilipofika Bwana Emili alifunga duka mchana, akaja kukaa nyuma ya kaunta ya baba mpaka alasiri, hakusema neno. Baadaye akahamia Nairobi. Hili bati akamwachia baba, kamwambia nitalijia. Nadhani kulibeba alishindwa na kulitupa alishindwa. Baba alipokuwa anakata roho akaniusia, Khalfan, lirudishe kama lilivyo."

Alikuwa amehama nyumba sita na bati lile. Miaka mingi akauliza, akaandikia watu, mpaka muuza saa mmoja wa Nairobi akampa habari za binti wa Bwana Emili. Anaitwa Hana, naye ni mtu mzima sasa. Kijerumani hakijui, baba yake alikataa kumfundisha hata neno moja. Angefika Maskati Jumatatu ya wiki iliyofuata, na Sheikh Khalfan alitaka kumkabidhi amana yake pamoja na tafsiri ya Kiswahili, lugha waliyokuwa wakiisema wote utotoni.

Nikanyoosha mkono kupokea bati. Akalivuta kwake.

"Maalim, samahani. Mpangilio wake usiguswe. Hivi zilivyo ndivyo baba alivyopewa. Amana ikipanguliwa imeharibika."

Nikamweleza kwamba sisi karatasi huzitandaza mezani zote kwanza, tuzipange. Akatikisa kichwa kwa adabu, na adabu ya mzee kama yule huwezi kushindana nayo. Tukakubaliana hivi: yeye atatoa karatasi moja kutoka juu, ataishika mwenyewe, mimi nitaisoma na kuitamka kwa Kiswahili, Bi Zuwena atachapa. Ikimalizika ataifudikiza kwenye kitambaa ndipo atoe ya pili. Hakuna mtu mwingine atakayegusa.

Na hapa, wanangu, ndipo kinapoingia kidole gumba. Wajerumani tarehe wanaiandika juu, pembe ya kulia. Sheikh Khalfan karatasi alikuwa akiishika juu, pembe ya kulia. Kidole gumba chake kilikuwa kipana kama kijiko cha kupakulia wali. Karatasi zote kumi na moja nilizisoma bila kuona tarehe hata moja, wala sikumwomba akisogeze, kwa sababu tarehe ni mwisho.

Karatasi ya kwanza ilikuwa amri. Mwenye namba fulani afike kituo fulani saa mbili asubuhi, na sanduku moja. Ufunguo wa nyumba ufungwe kikaratasi chenye jina na ukabidhiwe polisi.

Bi Zuwena akaacha kuchapa. "Sanduku moja, anakwenda wapi?"

Mimi nilijua anakwenda wapi. Nyinyi mmeyasoma shuleni au mmeyaona kwenye filamu: serikali ile iliwachukia Mayahudi, ikawatungia sheria juu ya sheria, na mwisho ikawaua kwa mamilioni. Nilipokuwa kule walitupeleka siku moja kuona kambi mojawapo, na kwa siku mbili baada ya hapo yule bibi alinimiminia supu bila kunidai sentensi. Kwa hiyo nilimwambia Bi Zuwena, "Wewe andika tu," na Sheikh Khalfan akafumba macho.

Kisha ikaja karatasi ya pili. Mwenye namba ile ile alete kituoni baiskeli yake na mashine yake ya taipu.

"Basi hakwenda," alisema Bi Zuwena. "Mtu aliyekwisha kwenda anaagizwaje kuleta baiskeli?"

Nikafikiri. Nikasema labda safari iliahirishwa. Sheikh Khalfan akafumbua macho.

Ya tatu ilikuwa fomu ya kusalimisha wanyama wa nyumbani, nakala, imejazwa kwa mkono wa yule mama mwenyewe. Aina ya mnyama: paka. Umri: miaka saba. Kazi ya mnyama: hana, na hajapata kuitafuta.

Bi Zuwena alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio. "Huyu wetu," alisema. "Mtu wa hivi huishi pwani."

Na kuanzia hapo, Mungu anisamehe, kazi ikawa tamu. Kila asubuhi Sheikh Khalfan anakuja na bati lake na chupa ya qahwa, kila asubuhi tunafungua karatasi moja au mbili, na kila karatasi yule mama ana kitu ambacho jana hatukujua kama anacho. Wamemtaka ashone nyota ya njano kwenye koti, sawa, lakini koti analo. Wamemkatia simu: kwa hiyo alikuwa na simu. Wamemtaka redio. "Na redio pia?" alisema Bi Zuwena. "Mwanamke huyu anazidi kujaaliwa." Katika amri za juu aliitwa kwa namba. Kisha akawa na jina, Klara, lakini nyuma yake limepachikwa Sara, jina ambalo serikali iliwalazimisha wanawake wote wa Kiyahudi walichukue. Karatasi moja mbele, lile jina la kupachikwa likaondoka. Kisha akawa Bibi Klara. Kisha Mheshimiwa Bibi Klara.

"Wanaanza kuona haya," alisema Bi Zuwena. "Mnaona wanavyomwandikia sasa? Wamejirudi."

Mnaniuliza, na wewe ulikuwa wapi? Nilikuwa pale pale. Nilikuwa nikiyasifu mapambizo. Naona haya kuandika haya lakini ndiyo kweli. Karatasi zile zilichapwa vizuri ajabu, kila mstari umenyooka, kila kifungu kina namba yake, hakuna herufi iliyorukwa wala kufutwa. Nilimwambia Bi Zuwena mbele ya mteja, "Tazama, hii ndiyo kazi. Hivi ndivyo karatasi ya ofisi inavyotakiwa kuwa." Alinuna mpaka saa sita. Nilijua habari za watu wale, niliiona kambi kwa macho yangu, lakini nilitaka mama mwenye paka asiye na kazi awe amesalimika, na mtu akitaka kitu sana anakuwa mwepesi wa kudanganyika. Sote watatu tulitaka.

Zikaja karatasi mbili ndogo: moja inamkataza kukaa kwenye mabenchi ya bustani ya mji, nyingine inamkataza bwawa la kuogelea. "Bwawa tu," alisema Bi Zuwena, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda kesi.

Siku hiyo Sheikh Khalfan akapiga simu Nairobi palepale ofisini. Nilimsikia kwa masikio yangu. "Bi Hana? Khalfan hapa. Nataka nikwambie kabla hujaja, habari za bibi yako ni njema. Ndiyo. Walimsumbua sana mwanzo, lakini mambo yalimkalia sawa. Nnakwambia, tumezisoma." Akasikiliza. Akafunga simu, akatwambia, "Amekaa kimya, kisha kasema asante. Furaha hiyo."

Karatasi ya kumi ilikuwa ya kwaya. Siyo ya serikali, ya chama cha waimbaji cha mji ule, na kwa adabu iliishinda hata serikali. Mheshimiwa sana Bibi Klara, kwa masikitiko makubwa, na kwa kufuata kanuni mpya, hatutaweza tena kukuhesabu miongoni mwa wanakwaya. Tunakushukuru kwa miaka kumi na miwili ya sauti yako. Kwa heshima kubwa, katibu. Nikasema, sahihi, ndani ya mabano.

Ya kumi na moja, ya chini kabisa, ilikuwa kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono. Bibi Klara, tafadhali Jumanne usichelewe, njoo hata nusu saa mapema. Bila wewe sauti ya pili wote wanapotea na mimi ndiye ninayelaumiwa. Nikasema, sahihi, ndani ya mabano.

Bi Zuwena akapiga makofi. "Wamemrudisha kwaya."

Kesho yake, Jumapili, Sheikh Khalfan alikuja na sinia la halwa ya kutosha mtaa. Halwa ya zafarani, bado ya moto. Aliiweka mezani kwangu na kusema kwamba baba yake angekuwa hai angechinja. Tukala kidogo, tukanywa qahwa, kichwa cha maneno kikapumzika kama Maalim Mundhir alivyotaka. Kisha nikasema, haya, tumalizie tarehe. Bi Zuwena akakaa tayari kwenye kompyuta. Sheikh Khalfan akatoa karatasi ya kwanza, na kwa mara ya kwanza nikamwomba akisogeze kidole.

Nikasoma tarehe. Bi Zuwena akaijaza. Ya pili nikaisoma, akaijaza. Ya tatu nikaisoma, na vidole vyake vikasimama.

"Ami Rashid," alisema, "mbona tarehe zinarudi nyuma?"

Nikamwambia asome tena alichoandika. Akasoma. Nikachukua karatasi mkononi mwa Sheikh Khalfan, na hakunizuia. Nikazichukua zote. Yule jirani aliyezituma alikuwa amezikuta zimepangwa kama mtu yeyote anavyopanga karatasi zake nyumbani, mpya inawekwa juu ya ya zamani. Mpya kuliko zote ilikuwa ile ya sanduku moja. Baada yake hapakuwa na karatasi nyingine.

Ofisini kwetu, likija faili la namna hiyo, jambo la kwanza ninalolifanya ni kulipindua, juu liwe chini. Nimelifanya mara elfu bila kufikiri. Safari hii sikulipindua kwa heshima ya amana, na tarehe sikuziangalia kwa heshima ya kanuni. Hatukufanya uzembe wowote, na hilo ndilo lililoniuma.

Halwa ilikuwa inaganda. Bi Zuwena alikuwa akilia bila sauti, naye aliwahi kulia kwa jino, lakini kilio hiki sikukijua.

"Hawakukosea hata herufi moja," alisema, na alikuwa akinitazama mimi.

"Nimempigia simu," alisema Sheikh Khalfan. "Miye kwa mdomo wangu."

Nilimshauri tuzipange sawa haraka, tumkabidhi faili lililo sahihi, asome mwenyewe. Akakataa. Alisema bati alipewa baba yake, lakini yale maneno ya kwenye simu ni yake yeye, na atayarudisha yeye mwenyewe. Akaondoka akiwa amelisahau sinia, na katika siku zote hizo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akisahau kitu.

Jumatatu saa nne akaja na Bi Hana. Nilitarajia bibi mnyonge. Akaingia mwanamke mfupi, nywele nyeupe zimekatwa kama za mvulana, raba miguuni na begi mgongoni, hata hakupumzika kwenye ngazi. Alikuwa tayari anabishana na Sheikh Khalfan.

"Ni wewe uliyekuwa ukiniuma," alisema. "Nina alama mpaka leo."

"Wewe ndiye uliyekuwa ukiuma, Bi Hana. Duka zima linajua."

Tukamkaribisha. Sheikh Khalfan akamuuliza safari. Akamuuliza joto. Akamweleza historia ya duka la mapazia lililo chini yetu, ambayo hata mimi sikuwa naijua. Akanywa vikombe vitatu vya qahwa, akamimina cha nne. Akafungua mdomo mara mbili. Ikabidi niseme mimi.

Nilimweleza kila kitu: bati, mpangilio, kidole, kanuni. Nilimwambia kosa ni langu, mimi ndiye mfasiri. Nilimwambia karatasi ya sanduku ndiyo ya mwisho.

Bi Hana alisikiliza bila kuniondolea macho. "Hiyo nilijua," alisema. "Baba alituambia hilo tu. Habari zake zote zilikuwa treni. Ukimuuliza kuhusu mama yake, anasema treni, anatoka nje."

"Basi simu yangu," alisema Sheikh Khalfan.

"Simu yako." Akalishusha begi mgongoni. "Nilijua hauko sawa. Nikajiambia huyu mzee amechanganyikiwa. Lakini siku ya pili nikaanza kufikiria, labda Baba mwenyewe hakujua. Labda bibi alitoka mahali fulani, akazeeka. Nikahesabu angeweza kuishi mpaka miaka gani. Ilinichukua siku mbili kuamini, Khalfani, na siku tatu nilikuwa naamini."

Sheikh Khalfan aliinamisha kichwa mpaka kilemba kikagusa kifua. Alisema, "Nisamehe, dada yangu."

"Nipe nisome," alisema Bi Hana.

Nikamwambia faili halijapangwa bado, ni lile la makosa. Akasema lile lile. Nikampa, limebanwa pini kwenye pembe, na Sheikh Khalfan akamwekea zile za asili pembeni ili azione. Alisoma polepole, akilinganisha karatasi na karatasi ingawa Kijerumani hakijui, akigusa maandishi. Kwenye paka alicheka kwa nguvu, akarudia: hana, na hajapata kuitafuta. "Baba alikuwa anasema hivyo hivyo kunihusu mimi," alisema. Kwenye kwaya akauliza, "Alikuwa anaimba?"

"Miaka kumi na miwili," alisema Bi Zuwena. "Sauti ya pili."

"Sikujua. Hata mara moja sikuambiwa." Akasoma kile kikaratasi cha mwisho, cha Jumanne. Akakisoma tena. Kisha akalifunga faili na kuweka mkono juu yake. "Bwana Rashid, si uniachie hivi hivi? Wanangu wote wanajua treni. Hapa anamalizia akiimba."

Mimi mfasiri wa muhuri, wanangu. Karatasi iliyopangwa kinyume sijawahi kuitia muhuri hata ya leseni ya gari. Lakini nilimtazama Bi Hana na nilikuwa nimekwisha kuamua. Nikaufungua muhuri, nikaupulizia. Bi Zuwena alikuwa akiitikia kwa kichwa kabla sijauliza.

"Ngoja," alisema Bi Hana.

Alikuwa amezishika zile mbili za mwisho, za asili, moja mkono huu na moja mkono huu. Alikuwa haangalii maneno, hakuyajua. Alikuwa akiangalia chini kabisa, pale ambapo kwenye tafsiri nimeandika sahihi ndani ya mabano, mara mbili. Sahihi ile ilikuwa na mkia mrefu unaozunguka na kurudi kukata jina lenyewe. Zote mbili zilikuwa na mkia ule.

"Huyu ni mtu mmoja," alisema.

Nikavaa miwani. Alikuwa mtu mmoja. Katibu wa kwaya, aliyemwomba Bibi Klara asichelewe Jumanne kwa kuwa bila yeye wote wanapotea, ndiye aliyemshukuru kwa heshima kubwa na kumtoa. Kwa tarehe zilivyosema, baina ya karatasi ile na hii hazikupita hata wiki sita.

Bi Hana alizirudisha mezani, akazinyoosha pembe. Alikaa kidogo, kisha akanisogezea faili.

"Hapana. Nipangie sawasawa," alisema. "Nataka wanangu waanze na huyu katibu. Wajue kwamba alikuwa anamjua bibi yangu."

Hakuna aliyebisha. Sheikh Khalfan akavuta kiti chake karibu na cha Bi Hana, na Bi Zuwena akawasha kompyuta. Nikang'oa pini, nikaanza na Jumanne.